Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu The Young Ones

Ni vipindi 12 tu, vilivyorushwa ndani ya miaka miwili, na bado watu wanauliza. Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale yanayorudi kila mtu anapoiona komedi hii ya Kiingereza kwa mara ya kwanza, pamoja na machache ambayo mashabiki wa siku nyingi hupenda kubishania.

Kwa kifupi, The Young Ones ni nini?

Ni komedi ya televisheni iliyorushwa na BBC2 kuanzia tarehe 9 Novemba 1982 hadi tarehe 19 Juni 1984. Ina misimu miwili, kila msimu vipindi 6, na kila kipindi kina takriban dakika 35. Inahusu wanafunzi wanne wa chuo cha kutungwa, kisichokuwepo kweli, kinachoitwa Scumbag College, waliopanga nyumba moja mbovu kaskazini mwa London. Hawapatani, na mpaka mwisho hawapatani.

Hilo la mwisho ndilo la kushika. Komedi nyingi za nyumbani huanza na ugomvi, kisha watu wakaelewana kabla majina ya wasanii hayajapita kwenye skrini. Hapa hakuna suluhu. Hakuna anayeomba radhi akamaanisha, wala anayepata funzo. Nyumba inaweza kulipuka na mtu akakatwa kichwa, lakini wiki inayofuata wote wanne wako pale pale na kinyongo kile kile. Naamini huo ndio uvumbuzi mkubwa wa waandishi wake, kuliko hata fujo ambayo kila mtu huikumbuka. Walikataa kumbembeleza mtazamaji.

Hao wanne ni akina nani?

Rick, anayechezwa na Rik Mayall, anajiita mwanamapinduzi na mshairi wa umma. Mashairi yake ni mabaya, beji zake ni nyingi, na kila asiyekubaliana naye, hata aliyemnyima tu nafasi bafuni, ni fashisti. Ndani yake ni mtoto aliyedekezwa anayetaka kupendwa na hajui namna ya kupendeka. Mayall alimpa pua inayopanda juu kwa dharau, kicheko cha kukoroma na herufi "r" isiyotamkika sawasawa, na kwa vitu hivyo vidogo akamjenga mmoja wa wahusika wasiosahaulika katika televisheni ya Uingereza.

Vyvyan, anayechezwa na Adrian Edmondson, ni panki mwenye nywele za rangi ya chungwa zilizosimama kama miiba na nyota nne za chuma kwenye paji la uso. Anasomea udaktari, jambo linalotisha ukishamwona anavyotumia shoka. Haingii kwa mlango kama ukuta upo karibu. Anaendesha Ford Anglia ya manjano iliyochorwa miali ya moto. Na, ajabu, ndiye mwenye furaha kuliko wote mle ndani.

Neil, anayechezwa na Nigel Planer, ni hipi mwenye nywele ndefu na sauti ya mtu aliyefiwa. Anasomea mambo ya amani. Yeye ndiye anayepika, na karibu kila siku ni adesi. Yeye ndiye anayefagia, anayetumwa dukani, anayelaumiwa na anayepigwa. Mara nyingi hutamani kufa, na wenzake hata hawageuki kumtazama.

Mike, anayechezwa na Christopher Ryan, ni mfupi, anavaa suti na miwani ya jua, na anajiona mjanja wa mjini. Ana madili yasiyoeleweka na wanawake wasioonekana. Watazamaji wengi humwona Mike ni dhaifu kuliko wenzake, na nakubali kwamba mistari yake michache tu ndiyo inayochekesha peke yake. Lakini mtoe uone. Wale watatu ni makelele matupu bila mtu mmoja wa kutoa amri, na kipindi cha "Oil" kinaonyesha kazi yake vizuri kabisa. Vyvyan anadai amegundua mafuta chini ya nyumba, na kufumba na kufumbua Mike amekuwa dikteta, Vyvyan ndiye jeshi lake, Neil anachimba kama kibarua, naye Rick anaandaa tamasha la kuunga mkono mapinduzi. Siasa za nchi nzima zimeingia katika nyumba moja ya kupanga.

Ni Rick au Rik?

Rick ni mhusika. Rik ni mwigizaji aliyemcheza.

Kama wanachukiana hivyo, kwa nini wasihame?

Swali hili ndilo linalofungua kila kitu. Jibu la kwanza ni pesa. Uingereza ya mwaka 1982 ilikuwa chini ya serikali ya Margaret Thatcher, na wasio na kazi walikuwa wamezidi milioni 3. Mwaka uliotangulia vijana waliingia barabarani Brixton, Toxteth na kwingineko wakapambana na polisi. Mwanafunzi wa chuo wakati huo hakulipa ada, na aliyetoka familia yenye kipato kidogo alipewa na serikali fedha za kujikimu. Lakini fedha hizo zilitosha chumba kibovu na chakula cha kuhesabu, basi. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anayesubiri bumu lake huku mwenye nyumba anagonga mlango atakielewa kipindi cha "Cash" bila maelezo. Ni baridi, hakuna pesa, wanachoma samani na mali za wenzao ili wapate joto, na mwisho Neil, mtu wa amani, anatumwa kwenda kuwa polisi ili mshahara upatikane.

Jibu la pili ni kwamba hakuna mahali pengine ambapo wangevumiliwa. Rick akitoka pale, nani atasikiliza mashairi yake hata kwa kuyazomea? Vyvyan atampiga nani? Wanahitajiana kwa njia ambayo hawawezi kuikiri, na waandishi walikuwa na akili ya kutowalazimisha waikiri. Ndiyo maana nyumba ilipobomolewa mwishoni mwa kipindi cha kwanza kabisa, "Demolition", walihamia nyumba nyingine wote wanne pamoja, wala hakuna aliyehoji.

Mwenye nyumba ni nani, na mbona yule mwigizaji kila wiki ana sura nyingine?

Mwenye nyumba ni Jerzy Balowski, anayechezwa na Alexei Sayle. Katika vipindi vingine Sayle huja kama ndugu mwingine wa ukoo wa Balowski, au kama mtu tofauti kabisa, na mara nyingi husimama katikati ya hadithi, akaiacha ikining'inia, akaanza kuhutubia kamera. Hotuba hizo ni zake mwenyewe. Alitokea Liverpool, alilelewa na wazazi wakomunisti, na klabu ya Comedy Store ilipofunguliwa Soho, London, Mei 1979, yeye ndiye aliyekuwa mshereheshaji wake wa kwanza. Aliwasimamia wachekeshaji wachanga kwa ukali, na ukali huo aliuleta kwenye televisheni bila kuupunguza makali.

Wapo wanaoona hotuba zake zinakata mtiririko, na wako sahihi, maana zilikusudiwa kuukata.

Nani aliiandika?

Rik Mayall, Ben Elton na Lise Mayer, huku Sayle akiongeza sehemu zake. Jina la Lise Mayer husahaulika mno. Makala nyingi humtaja Elton na Mayall zikapita, ilhali yeye alikuwa mmoja wa waandishi watatu tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Mtayarishaji alikuwa Paul Jackson, aliyeongoza pia, na Geoff Posner naye akashika uongozaji.

Mayall na Edmondson walikutana Chuo Kikuu cha Manchester katikati ya miaka ya 1970, na Elton alisoma chuo hicho hicho. Wale wawili wa kwanza walikuwa tayari wana mchezo wao jukwaani wa kupigana na kutukanana, na ndiyo maana vipigo vya Rick na Vyvyan vina ustadi wa watu waliozoeana mwili kwa mwili. Kila kofi lina wakati wake. Nigel Planer naye alikuwa na mwenzake jukwaani, Peter Richardson, na Neil alikuwa ameshaanza kuchezwa huko kabla BBC haijamwona.

Richardson ndiye aliyetarajiwa kuwa Mike. Hakuelewana na Paul Jackson, akabaki nje, na nafasi ikaenda kwa Christopher Ryan, mwigizaji wa kawaida asiyetoka katika kundi lile la vilabuni. Lakini Richardson hakukaa bure. Alianzisha The Comic Strip Presents, filamu fupi za vichekesho, na ya kwanza ilionyeshwa Channel 4 usiku ule ule kituo hicho kilipozinduliwa, tarehe 2 Novemba 1982. Yaani wiki moja kabla ya The Young Ones. Mayall, Edmondson, Planer, Sayle, Dawn French na Jennifer Saunders walionekana kote kote, na mtazamaji wa Uingereza alipata kizazi kizima cha wachekeshaji ndani ya siku saba.

Mbona katikati ya kipindi bendi inaanza kupiga muziki sebuleni?

Sababu ni ya kiofisi. Ndani ya BBC, kipindi kilichokuwa na muziki kiliweza kuhesabiwa kuwa burudani mchanganyiko badala ya komedi tupu, na bajeti ya burudani mchanganyiko ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo wakaweka bendi. Nine Below Zero walipiga katika kipindi cha kwanza, Dexys Midnight Runners walipiga bafuni katika "Bomb", Motörhead walitikisa sebule kwa "Ace of Spades" katika "Bambi", The Damned wakaja katika "Nasty". Madness walikuja mara mbili, na "House of Fun" na "Our House".

Pesa zilizopatikana kwa njia hiyo ndizo zilizolipia kuta za kuvunjwa, milipuko, na wanasesere wa wanyama na vitu vya jikoni wanaozungumza wenyewe kwa wenyewe. Na muziki wenyewe umegeuka hazina. Motörhead pale sebuleni, wakati vijana wanakimbilia treni, ni mojawapo ya nyakati bora za muziki wa roki katika televisheni ya miaka ya 1980, na ulitokea kwenye komedi.

Nimezoea Mind Your Language. Nitaipenda hii?

Labda, lakini jiandae. Mind Your Language, ya ITV, ilianza mwaka 1977, na wengi wa Afrika Mashariki wameicheka miaka nenda rudi. Kicheko chake kinatoka kwa wageni wanaokosea Kiingereza, kila taifa na kilemba chake na kosa lake. Michael Grade wa kampuni ya London Weekend Television aliiondoa hewani mwaka 1979 kwa kuona inadhalilisha watu wa mataifa mengine.

Kundi la Comedy Store liliukataa kabisa mtindo huo. Walitaka vichekesho visivyomkanyaga mgeni, mweusi wala mwanamke, na badala yake wakaelekeza mawe kwa serikali, polisi, watu wa tabaka la juu na vijana wa kizungu wenyewe. Mfano mzuri ni lile tukio la askari polisi aliyevaa miwani myeusi. Anamsimamisha mtu barabarani na kumtolea lugha ya kibaguzi, kumbe ni mzungu, na askari hakuona kwa sababu ya miwani yake. Ubaguzi ndio unaochekwa hapo, na anayeaibika ni askari.

Kasi pia ni tofauti. Mind Your Language ina darasa moja na mwalimu mmoja mpole. Hapa huwezi kujua kama ukuta utabaki umesimama dakika ijayo.

Nianze na kipindi kipi?

Mashabiki wengi watakuambia uanze mwanzo. Mimi nasema anza na "Bambi", kipindi cha kwanza cha msimu wa pili, kilichorushwa Mei 1984. Kufikia hapo waandishi walikuwa wameshajua nguvu zao.

Vijana wanaalikwa kwenye University Challenge, shindano la maswali la vyuo ambalo lipo kweli Uingereza. Kwanza wanalazimika kufua nguo, na mashine ya kufulia inaziogopa nguo zao. Kisha treni. Kuna onyo dirishani kwamba usitoe kichwa nje, kwa hiyo Vyvyan anatoa kichwa nje, na kinakatwa. Mwili unashuka kukitafuta relini, kichwa kinaukemea kwa kuchelewa, nao unakipiga teke. Tukio hilo lina ukatili wa katuni na utaratibu wa mchekeshaji aliyepima kila hatua, na halijachakaa.

Wakifika kwenye shindano, wapinzani wao ni Footlights College, Oxbridge (jina linalounganisha Oxford na Cambridge), watoto wa matajiri ambao tayari wanafahamiana na wenye shindano. Wanachezwa na Stephen Fry, Hugh Laurie na Emma Thompson, pamoja na Ben Elton mwenyewe. Watatu wa kwanza walitoka kweli katika Footlights, chama cha maigizo cha Cambridge ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa kiwanda cha wachekeshaji wa BBC, na mwaka 1981 onyesho lao lilishinda tuzo ya kwanza ya vichekesho ya Perrier huko Edinburgh. Kwa hiyo mbele yako kuna mashindano mawili. Moja ni la hadithi. Lingine ni la kweli, vijana wa Manchester na vilabu vya Soho dhidi ya vijana wa Cambridge, wote wachanga, wote kabla ya umaarufu wao mkubwa, na wale wa Cambridge wamekubali kuja kujichora wenyewe kama vijana wa kubebwa. Griff Rhys Jones ndiye anayeuliza maswali.

Baada ya hapo rudi "Oil", kisha "Bomb", ambamo bomu la atomiki linaangukia jikoni na kila mmoja anawaza atakavyolitumia kwa faida yake. "Boring" ni kwa mtu aliyekwisha kuizoea. Wanne wanalalamika kwamba hakuna kinachotokea, huku mambo ya ajabu yakipita nyuma ya migongo yao. "Nasty" nayo inapendeza zaidi ukijua kwamba mwaka huo, 1984, Bunge la Uingereza lilikuwa linatunga sheria ya kudhibiti kanda za video za kutisha, maana hadithi yake nzima ni vijana waliokodi mashine ya video ili wazione hizo kanda. Sayle anaingia kama vampaya anayedai yeye ni mwalimu wa udereva kutoka Johannesburg.

"Time" ningeiacha mwisho.

SPG, yule hamsta wa Vyvyan, jina lake lina maana gani?

SPG ni panya mdogo wa kufugwa mwenye lafudhi ya Glasgow na hasira zisizolingana na kimo chake. Vyvyan anampenda, na hiyo haimzuii kumpiga.

Kwa mtazamaji wa leo ni herufi tatu tu. Kwa mtazamaji wa 1982 zilikuwa na uzito. Special Patrol Group kilikuwa kikosi cha Polisi wa London kilichotumika kuzima maandamano. Aprili 1979, katika maandamano ya kupinga chama cha kibaguzi cha National Front huko Southall, mwalimu Blair Peach, mzaliwa wa New Zealand, alipigwa kichwani akafa. Ripoti ya ndani ya polisi, iliyofichwa mpaka 2010, ilisema kuna uwezekano mkubwa aliyempiga alikuwa askari wa kikosi hicho. Kikosi kilivunjwa mwaka 1987. Kumpa hamsta mkali jina la kikosi kama hicho, kwenye televisheni ya taifa, wakati kikosi bado kipo kazini, kulihitaji ujasiri. Hakuna hotuba iliyotolewa juu yake. Jina tu lilitajwa, tena na tena.

Cliff Richard anahusikaje?

Kila mahali. Jina la komedi ni la wimbo wake, ulioshika namba 1 Uingereza Januari 1962, na la filamu yake ya 1961. Katika filamu ile vijana ni wasafi, wanaimba, na kila kitu kinaisha vizuri. Kuwaita hawa wanne kwa jina lile lile kulikuwa kauli kamili kuhusu yaliyowapata vijana katika miaka 20 iliyofuata. Na ndani ya hadithi, Rick, mwanamapinduzi, ni shabiki wa kufa wa Cliff Richard, na wala haoni mgongano wowote.

Mwaka 1986 Cliff mwenyewe aliingia studio na wale wanne wakarekodi upya "Living Doll", wimbo wake wa 1959, Hank Marvin akipiga gita. Ulikaa namba 1 kwa wiki tatu. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Comic Relief, mfuko ulioanzishwa na Richard Curtis na Lenny Henry mwaka 1985 kwa sababu ya njaa ya Ethiopia, na uliotangazwa siku ya Krismasi kutoka kambi ya wakimbizi nchini Sudan. Cliff alistahili heshima kwa hilo. Angeweza kuwachukulia kama watu waliomdhihaki, naye akaimba nao.

Ni kweli kuna mpangaji wa tano?

Katika baadhi ya vipindi vya msimu wa kwanza kuna mtu aliyekaa nyuma kabisa ya chumba, nywele zimemfunika uso, hasemi neno, na hakuna anayemwangalia. Ukishamwona mara moja hutaacha kumtafuta. Msimu wa pili una jambo lingine la kutafuta, picha zinazopita kwa mweko mmoja tu katikati ya tukio, kama vile chura anayeruka au mikono ya mfinyanzi. Zinahitaji kidole chepesi cha kusimamisha video.

Nyumba yenyewe iko wapi?

Hadithi ni ya London, lakini matukio ya nje yalipigwa Bristol, hasa eneo la Bishopston. Ya ndani yalichezwa studio za BBC mbele ya watazamaji, na vicheko unavyosikia ni vyao.

Inafaa kwa watoto?

Kwa wadogo, hapana. Kuna vipigo, matusi na mizaha ya ngono. La kuangaliwa zaidi ni Neil, ambaye hamu yake ya kujiua inatajwa mara kwa mara kama kichekesho. Mwaka 1982 watu walicheka bila kufikiri mara mbili. Leo inauma zaidi, na mzazi anayetazama na kijana wa sekondari aangalie kwanza peke yake.

Kwa nini ni vipindi 12 tu? Ilifutwa?

Haikufutwa. Ilikuwa inapendwa, na tuzo ya BAFTA ya komedi bora ilikuja mwaka 1985, ilipokwisha kumalizika. Walioiunda waliamua kusimama, na idadi ni ile ile ya Fawlty Towers, komedi nyingine ya BBC, misimu miwili ya vipindi 6.

Tena walihakikisha hakuna njia ya kurudi. (Usiyetaka kujua mwisho, ruka aya hii.) Katika kipindi cha mwisho, "Summer Holiday", wanafukuzwa ndani ya nyumba, wanaiba benki, wanapora basi jekundu la ghorofa, kama lile la kwenye filamu ya Cliff ya 1963, na wanaondoka wakiimba. Kwa mara ya kwanza wana furaha pamoja. Basi linapasua bango kubwa lenye picha ya Cliff Richard, linatumbukia genge, linalipuka, na wote wanakufa. Sekunde chache za umoja ndizo walizopewa katika vipindi vyote 12, na hata hizo zilikatizwa. Sijaona komedi nyingine iliyoshika msimamo wake kwa uaminifu kama huo.

Marekani waliiga?

MTV iliirusha mwaka 1985, ikapata wapenzi wa dhati miongoni mwa vijana. Mwaka 1990 Fox walitengeneza kipindi cha majaribio kwa mtindo wa Kimarekani, na Nigel Planer akavaa tena nywele za Neil. Hakikuendelea. Hawa wanne waliumbwa na kodi ya Uingereza, baridi ya Uingereza na chuki za kitabaka za Uingereza, na huwezi kuwang'oa hapo wakabaki walivyo.

Walikwenda wapi baadaye?

Planer alitoa wimbo "Hole in My Shoe" kama Neil mwaka 1984, ukafika namba 2. Elton alikwenda kuandika komedi ya Blackadder pamoja na Richard Curtis. Edmondson alimwoa Jennifer Saunders mwaka 1985. Ryan ameonekana katika komedi ya Absolutely Fabulous, na Sayle akapata kipindi chake mwenyewe.

Mayall, Planer na Edmondson walijaribu tena pamoja katika Filthy Rich & Catflap, 1987, kwa maandishi ya Elton. Lakini mrithi halisi ni Bottom, ya 1991 hadi 1995, iliyoandikwa na Mayall na Edmondson wenyewe. Wanaume wawili, nyumba moja mbovu, hakuna pesa, hakuna wanawake, ngumi na sufuria kila siku. Ni kama vile Rick na Vyvyan wangefika miaka arobaini bila kuhama. Aliyemaliza vipindi 12 na kubaki na njaa aende huko moja kwa moja.

Rik Mayall alifariki ghafla tarehe 9 Juni 2014, akiwa na miaka 56. Kwa hiyo wanaouliza kama wanne hao watarudi, jibu ni hapana.

Kiingereza changu ni cha shule. Nitaelewa?

Utaelewa kuliko unavyodhani, kwa sababu nusu ya komedi hii iko mwilini. Kichwa kilichokatwa hakihitaji kamusi. Washa maandishi chini ya skrini kwa ajili ya Alexei Sayle, anayezungumza kwa kasi na kutaja siasa za wakati ule, na kwa ajili ya SPG, ambaye lafudhi yake huwasumbua hata Waingereza wa kusini. Rick naye utamzoea baada ya kipindi kimoja. Neil husema polepole, na maneno yake karibu yote ni malalamiko kuhusu kazi za nyumbani, msamiati ambao aliyewahi kupanga chumba na wenzake anaujua tayari.